Paa la ghala likibonyea, anzia kwenye miguu ya nguzo

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, mafundi wenzangu, mabibi na mabwana.

Nimepewa mada ya paa la ghala kuukuu lililobonyea, na najua wengi wenu mmekuja mkingoja habari za jeki. Jeki tutaifikia, ila kwa kuchelewa. Nikiitwa kuangalia paa la namna hiyo, mwenye ghala hunionyesha juu kwa kidole, nami naenda kuchuchumaa kwenye nguzo. Mara nyingi paa lenyewe halina kosa. Nguzo imezama, ukuta umetoka nje, au kuna boriti iliyokatwa zamani ili trekta lipite. Yote haya hujitokeza mgongoni mwa paa, kwa kuwa huo ndio mstari ambao hata mpita njia anajua ulipaswa kunyooka. Anayepanda juu kupigilia mbao kabla hajajua ni lipi kati ya hayo limetokea, anaongeza mzigo kwenye jengo ambalo limeshindwa kubeba uliopo.

Naomba basi tutazame kwanza paa linasimamaje.

Chukueni makombamoyo mawili, yaani zile mbao za mshazari zinazobeba paa, yanayokutana mgongoni, moja huku na moja kule. Uzito wa paa unayabana kwenda chini, na kwa kuwa yamelala kwa mshazari, miguu yake inataka kwenda nje, kama mtu aliyetanua miguu juu ya sakafu yenye utelezi. Kinachoizuia ni mtambaapanya, ile boriti inayolala toka ukuta huu hadi ule na kuivuta miguu isiachane. Watu wengi hudhani mtambaapanya kazi yake ni kubeba dari au kuwekea vitu vya stoo. Kazi yake kubwa ni kuvuta.

Msukumo huo wa nje ni mkubwa kuliko tunavyodhani, na unategemea mwinuko wa paa. Tuseme ghala lina upana wa mita 8. Mgongo ukiwa mita 4 juu ya kuta, kila mguu wa kombamoyo unasukuma nje kwa nguvu iliyo nusu ya uzito unaoushusha ukutani. Mgongo ukiwa mita 2, msukumo wa nje unalingana na uzito huo. Mgongo ukiwa mita 1 tu, msukumo ni mara mbili yake. Paa la kulala linasukuma kuta kuliko paa la kusimama. Na hapa ndipo ubaya wa kubonyea ulipo: paa likishashuka, mwinuko wake umepungua, kwa hiyo linasukuma zaidi kuliko jana. Linajiongezea lenyewe mzigo mpya kila siku. Ndiyo maana paa linaweza kushuka kidogo kidogo kwa miaka mingi, kisha likaanza kushuka haraka.

Hayo ni kwa paa ambalo mgongo wake ni ubao mwembamba tu wa kukutanishia makombamoyo. Yapo maghala ambayo mgongo ni boriti nene inayokaa juu ya nguzo zake zenyewe, au makombamoyo yameegemea boriti za kati zenye nguzo. Hayo hayasukumi kuta kwa kiasi hicho, ila uhai wake uko kwenye nguzo na viungo. Kabla ya kupima chochote, ingieni ndani mfuate mzigo kwa macho: unatoka kwenye bati au kigae, unaenda kwenye papi, zile mbao nyembamba za kupigilia bati, toka papi kwenda kombamoyo, toka kombamoyo kwenda wapi? Mkifika mahali ambapo mzigo hauna pa kwenda, mmeshapata nusu ya jibu.

Sasa kupima. Vifaa vyake havina gharama: uzi, timazi, futi kamba, paipu laini inayopitisha mwanga, bisibisi, penseli na tochi. Kabla hamjaingia, sikilizeni na mwangalie. Ukiona kiungo kimechomoka, ulimi wa boriti umetoka nje ya tundu lake, au boriti ina mpasuko mpya wenye rangi mbichi ya mbao ndani yake, usiingie. Mwite mhandisi, na funga mlango wewe ukiwa nje.

Likiwa ni salama kuingia, vuta uzi mgongoni toka ncha moja hadi nyingine upime kina cha bonde. Kisha pima upana wa ndani, juu ya kuta pale makombamoyo yanapokaa, kwenye ncha mbili na katikati. Kipimo hiki nakipenda kuliko vyote. Kwenye ncha, kuta zimeshikwa na ukuta wa pembetatu wa mbele na wa nyuma, haziendi popote. Katikati ndiko kunakotanuka. Kama katikati pamezidi, kuta zimefunguka, na unaweza hata kuhakiki kwa hesabu. Kwenye ghala letu la mita 8 lenye mgongo wa mita 2, kila ukuta ukitoka nje sentimita 3, mgongo hushuka karibu sentimita 6. Ukipata bonde la sentimita 6, umemaliza kesi. Ukipata bonde la sentimita 15 na kuta zimetoka 3 tu, kuna mshiriki mwingine hujamkamata: makombamoyo yamepinda, au kiungo cha juu kimebomoka.

Timazi itakuambia ukuta umeinama au la. Paipu ya maji itakuambia nguzo ipi imezama: jaza maji, ondoa mapovu yote, shikilia ncha moja kwenye nguzo ya kwanza na nyingine kwenye kila nguzo kwa zamu, weka alama mahali maji yanaposimama, kisha pima toka alama hadi kwenye boriti ya juu. Paipu haihitaji betri, na kwenye ghala refu naiamini kuliko pimamaji ya mkono.

Umbo la bonde nalo linasema. Bonde moja refu katikati ya mgongo, na kuta zimevimba nje, ni kutanuka. Mgongo ulioshuka ghafla sehemu moja kama umekatwa, ni nguzo au boriti iliyo chini ya pale. Mgongo ulionyooka lakini uso wa paa umeingia ndani, makombamoyo ni membamba au boriti ya kati imelegea. Mawimbi madogo madogo huwa ni papi zilizooza, na hayo ndiyo matengenezo mepesi kuliko yote. Ghala zima likiegemea upande mmoja, tafuta mishazari ya pembeni iliyong'olewa. Hilo ni tatizo lingine, na lirekebishwe kabla ya kugusa mgongo.

Nizungumzie nguzo zilizoondolewa, maana hapa ndipo ninapokasirika kidogo. Mtu ananunua mashine, haipiti, anakata nguzo ya katikati. Jengo halianguki siku hiyo, anasema, mnaona, haikuwa na kazi. Kubonyea kwa boriti yenye mzigo uliotandazwa sawasawa kunakwenda na urefu wa nafasi kati ya nguzo, kwa kipeo cha nne. Ukiongeza nafasi mara mbili, boriti ileile inabonyea mara 16. Upande wa pili wa hesabu ni kwamba kina cha boriti kikiongezeka mara mbili, kubonyea kunashuka hadi sehemu ya nane. Ndiyo maana boriti husimamishwa kwa ubavu wake mwembamba, hailazwi. Na mbao haishii kubonyea siku ya kwanza. Ikibeba mzigo kwa miaka huendelea kubonyea taratibu, na kanuni za Ulaya za majengo ya mbao, Eurocode 5, zinaongeza kwa ajili hiyo asilimia 60 ya ule ubonyeo wa kwanza kwa mbao iliyo mahali pakavu, hadi asilimia 200 kwa iliyo mahali pa unyevu. Kwa hiyo aliyekata nguzo huenda asione matunda ya kazi yake, atayaona aliyemrithi.

Uzito wa kuezekea nao huwa unasahaulika. Bati lina kilo 5 hivi kwa mita ya mraba. Vigae vya udongo au zege ni kati ya kilo 40 na 60. Kwenye paa la mita za mraba 200 tunazungumzia tani 1 dhidi ya tani 10 hivi. Makombamoyo yaliyochongwa kubeba bati yakipewa vigae, yatabonyea hata kama kila kiungo ni kizima. Penye theluji, nusu mita ya theluji iliyoshikana huongeza kilo 100 hadi 150 kwa kila mita ya mraba. Na msisahau majani makavu yaliyorundikwa darini na kuning'inizwa kwenye mitambaapanya.

Kisha uozo. Mbao isiyozidi asilimia 20 ya unyevu haiozi. Kuvu inaanza kula kwa raha unyevu ukikaribia 30 na kukaa hapo. Tafuta pale maji yanapokaa: miguu ya makombamoyo kwenye ukingo wa paa, juu ya kuta chini ya viota vya ndege, ndani ya matundu ya viungo, na chini ya nguzo. Chomeka bisibisi. Mbao nzima inakataa, mbao mbovu inaipokea kama imeisubiri. Usidanganywe na rangi ya nje, kwa sababu nguzo inaweza kuwa ganda zuri lenye unga ndani. Igonge kwa nyundo usikilize. Palipofugwa ng'ombe, angalieni zaidi. Samadi iliyorundikana kwenye nguzo hushika unyevu mwaka mzima, na amonia na chumvi zake hula misumari na mabati. Mchwa huacha njia zao za udongo. Wadudu wengine huacha vitundu vya milimita 1 hadi 3, na ukiona unga mweupe mpya chini yake, wako kazini.

Swali la mwisho la uchunguzi ndilo wengi hulipita: je, paa bado linashuka, au lilishashuka likatulia? Piga mstari wa penseli kuvuka kila mpasuko na kila kiungo kilichofunguka, andika tarehe pembeni, na uandike vipimo vyako vya upana na vya mgongo kwenye daftari. Rudi baada ya mvua, rudi baada ya kiangazi. Mpasuko uliojaa vumbi na utando wa buibui una hadithi tofauti na mpasuko msafi.

Haya, jeki.

Kabla ya jeki kuna kazi. Ziba mvua, hata kwa turubai. Shusha kila kilichohifadhiwa darini. Kagua nyaya za umeme na mabomba yaliyofungwa kwenye boriti, maana yatanyooka pamoja nazo au kukatika. Legeza misumari ya bati au papi kwenye eneo la bonde. Bati lililopigiliwa likiwa limepinda litapigana nawe njia nzima. Kama vigae ni vizito, viondoe, vya pande zote mbili kwa usawa. Ukiondoa vya upande mmoja tu, unalisukuma ghala lote kwenda pembeni.

Kama tatizo ni kutanuka, kuinua mgongo peke yake hakutoshi, na kuvuta kuta peke yake hakutoshi. Vitu hivi huenda pamoja. Funga kebo za chuma toka ukuta hadi ukuta, sehemu mbili au tatu, kwenye kimo kilekile cha boriti ya juu ya ukuta. Ukivuta nguzo katikati ya urefu wake utaivunja. Kila kebo na winchi yake ya mkono. Chini ya mgongo weka miega imara juu ya jeki. Inua kidogo, vuta kidogo, zunguka kwenye kila winchi, kisha acha. Milimita 3 hadi 6 kwa siku zinatosha, na siku nyingine usiguse kabisa. Mbao ilichukua miaka kujipinda, haitakubali kunyooshwa kwa adhuhuri moja. Mlio wa kukwaruza ni wa kawaida. Mlio wa mpasuko ni amri ya kusimama. Inua hadi kupita kidogo mstari ulionyooka, kwa sababu ukilegeza litarudi kiasi.

Jeki isikae juu ya udongo. Na nguzo nayo isikae, kwa hesabu hii. Udongo wa mfinyanzi wa kadiri hubeba takriban tani 10 kwa mita ya mraba. Mzigo wa tani 5 unahitaji nusu mita ya mraba, yaani kitako cha sentimita 70 kwa 70. Linganisheni na jiwe moja la ukubwa wa sahani lililowekwa chini ya nguzo nyingi za zamani, mtaelewa kwa nini zilizama. Chini ya jeki panga magogo ya mraba kwa kupishana, safu juu ya safu, na juu ya jeki weka bamba la chuma ili isizame kwenye mbao. Jeki ya mafuta inashuka yenyewe polepole, hata iliyo mpya. Kila ukiinua, fuatisha na mwega wa kudumu uliokazwa kwa kabari. Mtu asikae chini ya kitu kinachobebwa na jeki ya mafuta peke yake. Hili silijadili na mtu.

Paa likishafika mahali pake, ndipo unalifunga, na ndipo kosa kubwa kuliko yote linapofanyika. Fundi anapigilia ubao wa kukingama juu karibu na mgongo, makombamoyo yanakuwa na umbo la herufi A, anaona kazi imekwisha. Ubao ule una kazi yake: unazuia makombamoyo yasiachane pale juu upepo unapovuta paa. Hauzuii miguu kutanuka. Ukiutegemea kwa hilo, kombamoyo litapinda pale pale ulipopigilia. Kifungo cha kuzuia msukumo wa nje kiwe kwenye miguu ya makombamoyo. Kama kichwa cha trekta kinahitaji nafasi, kifungo kinaweza kupanda kidogo, lakini kisipite theluthi ya chini ya mwinuko wa paa, na kila kinavyopanda, nguvu inayokivuta huongezeka. Pasipowezekana boriti, fimbo ya chuma yenye skrubu ya kukazia katikati na mabamba mapana kwenye ncha zake inafanya kazi safi; kipenyo chake kitoke kwa mhandisi, siyo kwenye duka lenye fimbo zilizobaki.

Kombamoyo lililopasuka liwekewe pacha ubavuni, la urefu mzima kama inawezekana, kwa bolti zilizopishana juu na chini ili zisipasue mbao kwenye mstari mmoja. Pacha huwekwa baada ya kunyoosha. Ukiliweka kabla, umelifunga bonde libaki bonde.

Nguzo iliyooza chini hukatwa angalau sentimita 30 kupita uozo unaoonekana, ikaungwa kipande kipya kwa kiungo cha kupandanisha chenye urefu wa mara tatu ya unene wa nguzo, kisha bolti. Kipande kipya kisifukiwe ndani ya zege. Zege hushika maji kuzunguka mbao na kuiozesha mahali ambapo bisibisi haifiki. Nguzo isimame juu ya kitako kilichoinuka sentimita 15 au 20 toka ardhini, imefungwa kwa kiatu cha chuma. Watawa waliojenga ghala la Great Coxwell, Uingereza, mwishoni mwa karne ya 13, walisimamisha nguzo zao za mwaloni juu ya vitako vya mawe vyenye kimo cha karibu mita 2. Mbao zile bado zinabeba paa la mawe hadi leo.

Neno moja kwa wanaotaka kupunguza uzito kwa kutoa vigae na kuweka bati. Ni dawa nzuri kwa kubonyea, lakini viungo vya zamani vya ulimi na tundu vilibuniwa kubanwa, vikategemea uzito wa paa kuvikalisha. Ukiuondoa, upepo unaokuja unaweza kulinyanyua paa zima. Kabla bati halijapanda, funga makombamoyo kwenye boriti ya ukuta, na boriti kwenye nguzo, kwa mikanda ya chuma.

Nimeona mkono kule nyuma. Mzee anauliza kama ni lazima mgongo unyooke kabisa. Hapana, mzee wangu. Maghala mengi yalijengwa kwa mbao mbichi, zikakauka zikiwa na mzigo, na mpindo ule umekuwa ndio umbo lake. Ukilazimisha kuunyoosha utavunja viungo vizima. Kama vipimo vya daftari havijabadilika mwaka mzima, mbao ni kavu, miguu ya makombamoyo imefungwa na nguzo zimekaa juu ya kitako kizuri, liache lilivyo. Kama unaezeka upya na bonde linakukera, panga vibanzi vya mbao juu ya makombamoyo hadi papi zikae kwenye mstari mmoja, na ukumbuke kuhesabu uzito wa hivyo vibanzi.

Na aliyesema ghala lake lina mtambaapanya uliokatwa mwaka jana na paa bado limenyooka: ndugu yangu, tuonane hapa mbele kabla hujaondoka, na leo jioni usiingize mifugo humo.